Namna ya kukusanya data bila kuiharibu thamani ya p

Thamani ya p hujibu swali moja tu, nalo ni finyu: ikiwa kwa hakika hakuna tofauti yoyote kati ya makundi mawili, ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii tuliyoiona, au kubwa zaidi? Ukipata 0.03, jibu ni mara 3 kwa kila 100. Namba hiyo haisemi kwamba nadharia tete yako ina uwezekano wa asilimia 97 wa kuwa kweli. Wala haisemi kwamba tofauti uliyoipata ni kubwa, au kwamba inamfaa mtu yeyote.

Hesabu hiyo imesimama juu ya sharti ambalo kompyuta hailioni. Ukubwa wa sampuli, kipimo kikuu, watu wa kuondolewa na jaribio la kitakwimu litakalotumika, vyote viwe vimeamuliwa kabla data hazijaonekana. Sharti likivunjwa, programu ya takwimu kama SPSS, Stata au R itaendelea kukupa namba yenye desimali tatu kama kawaida, ila namba hiyo itakuwa imepoteza maana yake. Wengi wanaolivunja si waongo. Muda wa kuwasilisha umekaribia, fedha za utafiti zinaisha, na kila uamuzi ukiutazama peke yake unaonekana wa busara. Kinachosaidia ni utaratibu wa kazi unaofunga milango hiyo mapema.

Kuhusu kiwango cha 0.05 chenyewe, ambacho p ikishuka chini yake matokeo huitwa yenye umuhimu wa kitakwimu, maneno machache yanatosha. Ronald Fisher alikipendekeza katika kitabu chake cha 1925 kama mpaka unaofaa kwa urahisi wa kazi, yaani mara 1 kwa 20. Si mpaka wa maumbile. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko kwamba hitimisho la kisayansi lisitegemee tu kama p imevuka kiwango fulani au la. Matokeo yenye p ya 0.049 na yale yenye 0.051 yana uzito karibu uleule wa ushahidi, na mtafiti anayehangaika kuyahamisha ya pili yawe ya kwanza anapoteza muda na kujiharibia kazi.

Andika mpango kabla ya dodoso la kwanza

Kurasa mbili zinatosha. Mpango uwe na mambo haya, kila moja kwa sentensi ambayo mtu mwingine angeweza kuifuata bila kukuuliza chochote: kipimo kikuu kimoja, siku au wiki kitakapochukuliwa, makundi yatakayolinganishwa, idadi ya watu kwa kila kundi na sababu ya idadi hiyo, lini ukusanyaji utakoma, nani ataondolewa kwenye uchambuzi, majibu yaliyokosekana yatashughulikiwa vipi, jaribio la kitakwimu, na vipimo vya ziada ambavyo ni vya uchunguzi tu.

“Tutalinganisha uwezo wa kusoma wa makundi mawili” haifai, kwa sababu uwezo wa kusoma unaweza kupimwa kwa kasi, kwa usahihi, kwa ufahamu au kwa jumla ya vyote, na kila kimoja kitakuletea p yake. Linganisha na hii: “Kipimo kikuu ni alama za mtihani wa ufahamu (0 hadi 50) wiki ya 12. Wastani wa makundi utalinganishwa kwa jaribio la t la Welch, la pande mbili, kwa kiwango cha 0.05. Mwanafunzi ataondolewa ikiwa tu hakufanya mtihani wa wiki ya 12. Vipimo vya kasi na matamshi vitaripotiwa kama uchunguzi.” (Jaribio la Welch hulinganisha wastani wa makundi mawili; la pande mbili huhesabu tofauti ya upande wowote, iwe juu au chini.) Ukishaandika hivyo, umejinyima njia karibu zote za kujidanganya.

Mpango uwekwe mahali penye tarehe isiyobadilika. Tovuti ya OSF inapokea mipango ya urefu wowote na inakuruhusu kuificha kwa muda. AsPredicted ina maswali machache na inafaa kwa jaribio dogo. Majaribio ya tiba yana rejesta zake, na usajili huko hufanyika kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa. Usipoweza kutumia hata moja kati ya hizo, mtumie msimamizi wako mpango kwa barua pepe siku moja kabla ya kuingia uwanjani. Ni ushahidi dhaifu kuliko rejesta, ila tarehe ipo.

Mpango ukilazimika kubadilika, na mara nyingi utabadilika, ongeza ukurasa wenye tarehe, badiliko, sababu, na sentensi moja inayoeleza kama mlikuwa mmekwisha kuona matokeo ya makundi au bado. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo msomaji makini ataitafuta kwanza.

Hesabu ukubwa wa sampuli, usiukisie

Kwa kulinganisha wastani wa makundi mawili, kiwango cha 0.05 pande mbili na nguvu ya asilimia 80 (yaani uwezekano wa kuigundua tofauti ikiwa kweli ipo), unahitaji watu 26 kwa kila kundi ikiwa tofauti halisi ni 0.8 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani), 64 ikiwa ni 0.5, na takriban 394 ikiwa ni 0.2. Programu ya bure ya G*Power itakupa namba hizi kwa dakika moja. Ugumu uko kwenye kuchagua ukubwa wa tofauti. Usichukue ule uliochapishwa na utafiti mmoja mdogo, kwa sababu mara nyingi umetiwa chumvi. Jiulize badala yake: tofauti ndogo kabisa ambayo ingemfanya mtu abadilishe utendaji wake ni ipi? Panga sampuli kwa hiyo.

Sababu ya chumvi hiyo inafaa kueleweka vizuri. Ukiwa na watu 20 kwa kila kundi, p haiwezi kushuka chini ya 0.05 mpaka tofauti uliyoipima ifike takriban 0.64 ya mkengeuko sanifu. Kama tofauti halisi ni 0.5, basi kila mara utakapopata matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu yatakuwa yamezidisha ukweli, na utayapata mara moja tu kati ya tatu. Wanaochapisha ni wale walioipata hiyo moja.

Sasa tazama uwanja mzima. Chukua nadharia tete 1,000, ambazo 100 kati yake ni za kweli. Kwa nguvu ya asilimia 80 utagundua 80 za kweli, na kati ya 900 zisizo za kweli, asilimia 5 yaani 45 zitapita kwa bahati. Magunduzi ni 125, na zaidi ya theluthi ni magunduzi hewa. Nguvu ikishuka hadi asilimia 35, za kweli zinakuwa 35 na hewa zinabaki 45. Zaidi ya nusu ni hewa, na hapo hakuna aliyechezea chochote. Mradi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Science ulirudia tafiti 100 za saikolojia. Katika zile za awali, asilimia 97 ziliripoti umuhimu wa kitakwimu. Katika marudio ilikuwa asilimia 36.

Ongeza watu wa kufidia watakaopotea. Ukitarajia asilimia 15 kuacha, gawanya 64 kwa 0.85, upate 76 kwa kila kundi.

Kosa linalowakuta wengi zaidi ni kuhesabu watu walio katika kundi moja la asili kana kwamba kila mmoja anasimama peke yake. Wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja. Wagonjwa wa zahanati moja wana muuguzi mmoja. Kanuni ya kupata namba ya kugawia idadi yao ni 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya watu kwa kila darasa na r ni kiasi wanachofanana. Kwa madarasa 20 ya wanafunzi 20, na r ya 0.1, unapata 2.9. Wanafunzi wako 400 wana thamani ya wanafunzi 138 hivi. Ukiwachambua kama 400, kipimo cha makosa kitakuwa kidogo mno na p itashuka bila haki. Tumia uchambuzi unaotambua madarasa. Na kama kuna darasa moja tu kwa kila upande, hakuna hesabu itakayotenganisha athari ya mbinu na athari ya mwalimu. Ongeza madarasa kabla ya kuanza.

Usichungulie matokeo njiani

Hili ndilo kosa linaloonekana dogo kuliko yote. Umekusanya watu 20 kwa kundi, p ni 0.09, unaongeza 10. Ikishuka unaacha, isiposhuka unaongeza wengine. Katika utafiti wa maoni uliochapishwa mwaka 2012 na kuwahusisha wanasaikolojia zaidi ya 2,000, zaidi ya nusu walikiri kuwahi kuamua kuendelea kukusanya data baada ya kutazama kama matokeo yamefikia umuhimu.

Gharama yake ilishahesabiwa mwaka 1969. Kama hakuna tofauti yoyote na unatazama mara moja, hatari ya ugunduzi hewa ni asilimia 5. Ukitazama mara 2 kwa vipindi sawa ni 8.3, mara 5 ni 14.2, mara 10 ni 19.3, mara 20 ni karibu 25. Asiyejiwekea kikomo atafika chini ya 0.05 siku moja, hata kama anachokipima hakipo. Kuacha mapema kwa kuwa p imeshashuka ni kosa lilelile, kwa maana unaukamata mwendo wa bahati pale ulipokupendelea.

Kuna njia halali ya kutazama njiani. Amua mapema utatazama mara ngapi na baada ya watu wangapi, kisha tumia kiwango kikali zaidi kila mara. Kwa utaratibu wa Pocock wa 1977, kutazama mara 2 kunadai p iwe chini ya 0.0294 kila mara. Mara 3, 0.0221, mara 5, 0.0158. Hapo jumla ya hatari inabaki asilimia 5. Namba hizo ziandikwe kwenye mpango. Kuzichukua baada ya kuchungulia hakusaidii kitu.

Kama hutaki ukali huo, mpe mtu asiyehusika na uchambuzi ufunguo wa kujua nani yuko kundi gani. Wewe fuatilia tu idadi, ukamilifu na ubora wa madodoso, vitu unavyoweza kuvitazama kila siku bila madhara yoyote.

Uwanjani

Hakuna hesabu inayotibu data zilizokusanywa vibaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma madodoso takriban milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda kwa kishindo. Anwani zilitoka kwenye orodha kama za wenye simu na magari, na waliojibu walikuwa tofauti na wasiojibu. Sampuli kubwa iliyopotoka huleta jibu lisilo sahihi kwa uhakika mkubwa, na p yake itakuwa ndogo ajabu.

Wagawe watu kwenye makundi kwa kura ya kompyuta, na orodha ya kura iandaliwe kabla na mtu asiyeandikisha washiriki. Kupishanisha “huyu wa kwanza, huyu wa pili” kunampa mwandikishaji nafasi ya kujua anayefuata ataangukia wapi, na bila kukusudia atamchelewesha mgonjwa dhaifu hadi zamu nyingine. Mdadisi anayepima asijue mshiriki yuko kundi gani. Akijua, atavuta subira kidogo zaidi kwa upande anaoutarajia ufaulu, na hilo halionekani popote kwenye data.

Kuhusu wadadisi wanaopika data, usisubiri uthibitisho. Weka kinga tangu mwanzo. Ukitumia KoboToolbox au ODK, programu za kukusanyia majibu kwa simu, washa kurekodi muda wa kuanza na kumaliza, na mahali. Kila jioni tazama muda wa mahojiano. Dodoso lililochukua dakika 40 kwenye majaribio ya awali haliwezi kumalizika kwa dakika 9. Tafuta madodoso ya mdadisi mmoja yanayofanana mno, majibu ya “hapana” mengi kupita kiasi kwenye maswali yanayofungua maswali mengine, na namba zinazoishia na 0 au 5 nyingi kuliko inavyotarajiwa. Rudia mahojiano mafupi kwa mhojiwa 1 kati ya 10, ukiwachagua kwa kura, na wadadisi waambiwe mapema kwamba hilo litafanyika. Wahojiwa hewa hupungua mara tu wadadisi wanapojua kuna anayerudi. Tazama na mzigo wa kazi pia: lengo la madodoso mengi kupita uwezo wa siku moja ndilo linalomsukuma mtu mwaminifu kuketi chini ya mti na kujaza mwenyewe.

Hifadhi data ghafi kama zilivyofika, faili lisiloguswa. Masahihisho yote yafanyike kwa maagizo ya programu yaliyohifadhiwa, si kwa kubadilisha seli kwa mkono.

Kuna ukaguzi mmoja rahisi sana kwa wastani wa majibu ya namba nzima. Jedwali linasema watu 25 walijibu swali la 1 hadi 5 na wastani ni 3.47. Zidisha: 3.47 × 25 ni 86.75. Jumla lazima iwe namba nzima. 86 inatoa 3.44 na 87 inatoa 3.48. Wastani wa 3.47 hauwezekani. Huenda ni kosa la kunakili, huenda mtu mmoja hakujibu, lakini kuna jambo la kuulizwa. Ukague hivyo na majedwali yako mwenyewe kabla hujayatuma.

Njia panda za uchambuzi

Watafiti Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha mwaka 2011 jinsi uhuru mdogo mdogo unavyojumlishana. Kuwa na vipimo viwili vinavyohusiana na kuripoti kile kilichofaulu hupandisha hatari kutoka asilimia 5 hadi 9.5. Kuongeza watu 10 kwa kila kundi baada ya 20, pale matokeo yanapokuwa hayajafikia umuhimu, hufikisha 7.7. Wakaongeza uhuru wa kuingiza au kuacha jinsia kwenye uchambuzi, na wa kutupa kundi moja kati ya matatu. Yote manne kwa pamoja yalifikisha asilimia 60.7. Kwa mbinu hizohizo walitoa “ushahidi” kwamba kusikiliza wimbo fulani kunapunguza umri wa mtu. Kila hatua waliyoichukua ni ya kawaida katika maabara nyingi.

Ukiwa na vipimo vingi halali, vyote viripotiwe na kiwango kirekebishwe. Majaribio 20 yasiyotegemeana yana nafasi ya asilimia 64 ya kuleta angalau ugunduzi hewa mmoja. Utaratibu wa Holm ni rahisi na hauna ukali usio wa lazima. Tuseme una p tano: 0.004, 0.011, 0.030, 0.041 na 0.20. Zipange kuanzia ndogo. Ya kwanza ilinganishe na 0.05 ÷ 5, yaani 0.01: inapita. Ya pili na 0.05 ÷ 4, yaani 0.0125: inapita. Ya tatu na 0.05 ÷ 3, yaani 0.0167: haipiti, na hapo unasimama. Nne zilikuwa chini ya 0.05, zilizosalia ni mbili.

Namba zilizojitenga mbali na nyingine zina kishawishi chake. Kanuni ya kuziondoa iwe kwenye mpango, itumike kwa makundi yote bila kujua ni la nani, na matokeo yaripotiwe pamoja nazo na bila hizo. Urefu wa mtu mzima wa sentimita 17 ni kosa la kuandika. Rudi kwenye dodoso. Kipato kikubwa kuliko cha wengine si kosa, ni mtu.

Kuhamia jaribio la upande mmoja baada ya kuona p ya 0.08 ni kuigawa p kwa mbili bila kibali. Kuandika “p = 0.05” pale ilipo 0.054 ni kusema uongo, hata kama ni wa sehemu nne tu za elfu moja. Kutunga nadharia tete baada ya kuona matokeo na kuiweka kwenye sura ya kwanza kana kwamba ilikuwapo tangu mwanzo kunadhuru kuliko yote mawili, kwa sababu msomaji hana njia ya kuligundua.

Kuandika matokeo

Toa wastani wa kila kundi, tofauti yake, upeo wa kuaminika wa asilimia 95 (namba mbili zinazoonyesha tofauti halisi huenda iko kati ya wapi na wapi), kisha p kamili. Mfano: “Kundi la mazoezi (watu 64) lilipata alama 31.2, kundi la ulinganisho (64) alama 28.9, tofauti ni 2.3, upeo wa 0.4 hadi 4.2, p = 0.018.” Upeo huo unamwonyesha msomaji kwamba faida inaweza kuwa chini ya nusu alama, jambo ambalo p haimwambii. Kwa upande mwingine, ukiwa na watu 10,000 kwa kila kundi, tofauti ya 0.05 tu ya mkengeuko sanifu hutoa p ya 0.0004 hivi. Ni ya hakika, lakini huenda haina kazi.

p kubwa si uthibitisho kwamba hakuna tofauti. Soma upeo kabla ya kusema “haifanyi kazi”. Na usiandike kwamba mbinu inawafaa wasichana kuliko wavulana kwa sababu p ya wasichana ni 0.03 na ya wavulana 0.12. Tofauti kati ya tofauti hizo mbili inahitaji jaribio lake, na mara nyingi haitafaulu.

Taja watu wote walioandikishwa, walioondolewa na sababu, vipimo vyote vilivyochukuliwa, na makundi yote yaliyokuwapo.

Kama data zimeshakusanywa na mpango haukuwapo

Kabla ya kufungua faili, mwombe mtu agawe data nusu kwa nusu kwa kura, na nusu moja aishike yeye. Chunguza nusu yako utakavyo, chora, kata, jaribu vipimo vyote. Ukishapata jambo moja unaloliamini, andika nadharia tete moja na jaribio moja, ukiwa na tarehe, kisha omba nusu ya pili na uliendeshe jaribio hilo mara moja tu. Kama kuna madarasa au vijiji, gawa kwa madarasa au vijiji vizima. Kama sampuli ni ndogo mno kugawanyika, au umeshaitazama yote, andika neno “uchunguzi” kwenye kichwa cha kazi na kwenye muhtasari wake, toa idadi ya vipimo ulivyojaribu, na uache p nje ya hitimisho.